Shajara ya mradi: BMW 330i (E46), bushi za mbele na nyuma

Gari: BMW 330i, milango minne, bodi ya E46 (jina la BMW kwa toleo hili la 3 Series), ya mwaka 2002. Injini ni M54, silinda sita kwenye mstari mmoja, sm³ 2,979, nguvu farasi 231 lilipotoka kiwandani. Giaboksi otomatiki, usukani kulia, liliingia nchini likiwa limetumika Japani. Rimu za inchi 17. Kazi inafanyika Dar es Salaam, kwenye gereji yenye shimo. Odometa mwanzoni mwa mradi: km 171,400.

Ingizo la 1: dalili (km 171,400)

Ukikanyaga breki kati ya km 80 na 100 kwa saa, usukani unatikisika. Diski zilishapigwa mashine, magurudumu yakafanyiwa balansi, mtikisiko ukabaki palepale. Kwenye E46 mtikisiko wa namna hiyo kwanza uutafute kwenye bushi kubwa (mpira ulio ndani ya ganda la chuma) iliyo ncha ya nyuma ya amu ya mbele, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, kabla hujaenda kununua diski.

Nyuma, ukiachia mafuta ghafla kwenye kona, mkia unahama kidogo halafu unarudi. Tairi za nyuma zimeliwa kashata upande wa ndani mpaka karibu na nyuzi, wakati upande wa nje ni kama mpya. Hiyo ni tou (pembe ya magurudumu kuelekea ndani au nje, ukitazama kutoka juu) inayobadilika gari likiwa linatembea. Mashine ya alaimenti (ya kupima pembe za magurudumu) haiwezi kuiona, kwa sababu inapima gari lililosimama.

Gari limepelekwa juu ya shimo, likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Mtaimbo mdogo umeingizwa kati ya amu ya mbele na kibebeo cha bushi. Kibebeo hiki ni cha alumini, umbo lake kama pipi ya kijiti, na mafundi wengi wanakiita "pipi" tu. Kushoto amu inacheza huku na huku bila ukinzani. Chini ya bushi kuna mkondo mweusi uliogandiana na vumbi. Bushi ya 330i ina majimaji ndani, na ule weusi ni majimaji yaliyokwisha kumwagika. Kulia haijavuja, lakini mpira umepasuka robo ya mzunguko.

Kwa nyuma, simu imewekwa chini kwa kurekodi, mtu mmoja amekaa kwenye usukani, breki imekanyagwa sawasawa, magurudumu ya mbele yamewekewa vigingi. Gia D, kisha R, kisha D, bila kugusa mafuta. Kwenye video ncha ya mbele ya amu ndefu ya nyuma inasogea mbele na nyuma ndani ya kibebeo chake, karibu unene wa kidole kidogo upande wa kushoto. Inatakiwa isionekane kusogea kwa macho. Asisimame mtu shimoni wakati wa kipimo hiki. Kamera ndiyo ishuke.

Jambo la pili lililoonekana shimoni lina uzito kuliko bushi zenyewe: springi za nyuma zimewekewa spesa za mpira, mm 25 kila upande. Gari lilinyanyuliwa ili lisigonge matuta. Habari ya spesa itarudi kwenye ingizo la 4.

Ingizo la 2: vipuri

Orodha iliyonunuliwa: amu za mbele 2 kamili na boljointi zake (viungo vya mpira wa chuma vinavyozunguka), bushi za mbele 2 za majimaji, bushi za amu ndefu ya nyuma 2, bushi za stabilaiza ya mbele (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) 2, linki za stabilaiza 2, na nati mpya za kujifunga zenyewe kwa kila boljointi. Nati hizo hutumika mara moja. Ukirudisha ya zamani, baada ya miezi michache ya barabara ya vumbi itakuwa inazunguka kwa vidole.

Amu kamili zimechukuliwa kwa sababu boljointi za ndani zilikuwa na mchezo. Zingekuwa nzima, isingekuwa lazima kugusa amu. Unafungua bolti mbili za kibebeo, unakivuta kwa pula ya miguu mitatu, unakibadilishia bushi na kukirudisha. Ni kazi ya asubuhi moja.

Bushi za mpira au za poliyurethani? Mbele, poliyurethani inakubalika kwa mwenye kutaka usukani mkali na asiyejali mtetemo. Nyuma hapana. Ile amu ndefu haipandi na kushuka kwa mstari mnyoofu. Inazungushwa na zile amu mbili za pembeni, kwa hiyo bushi yake inajipinda pande tatu kwa wakati mmoja. Mpira unakubali. Plastiki ngumu inakataa, na nguvu iliyokataliwa inaenda kwenye sakafu ya bodi, mahali ambapo E46 haina nguvu za akiba. Wapo wanaoweka bushi za mpira na kuongeza washa za plastiki pembeni ili kubana mchezo. Kwa barabara ya lami safi ni wazo zuri. Kwa gari linalokula vumbi kila siku, zile washa hugeuka msasa.

Kuhusu feki: bushi ya kwanza ya mbele iliyoletwa na muuzaji ilikuwa kwenye boksi lenye chapa inayojulikana, lakini ilikuwa nyepesi, na ukiibonyeza kwa vidole gumba mpira wake ulikuwa mlaini kote kwa usawa. Ya majimaji haiko hivyo, ina sehemu ngumu na sehemu laini kwa sababu ndani kuna vyumba. Imerudishwa. Zilizokuja baadaye ni Lemförder, na kwenye chuma kuna mahali palipokwanguliwa kwa mashine. Watu hulikataa kwanguo hilo wakidhani ni dalili ya wizi. Ni nembo ya BMW iliyoondolewa, kwa sababu kiwanda kilekile hutengeneza za BMW na zake chenyewe.

Ingizo la 3: mbele

Bolti za magurudumu soketi 17. Gari juu ya stendi mbili, jeki imeachwa chini ya sabufremu (fremu ndogo inayofungwa chini ya bodi) kama akiba. Kila urefu umepimwa kabla ya kuinua: kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, umeandikwa kwa chaki ukutani.

Nati ya boljointi ya nje imetoka bila shida. Ya ndani ndiyo inayochosha. Iko juu ya sabufremu, karibu na maunti ya injini, na inafikika kwa spana ya pete kwa robo zamu kila mara. Pini ikianza kuzunguka pamoja na nati, weka jeki ndogo chini ya boljointi uisukume juu. Ile koni itashika tena. Kwa gari lenye taa za zenoni, kile kijiti cha kihisi cha urefu kilichofungwa kwenye amu kitolewe kwanza. Kikivunjika, taa zitaangaza mitini.

Vibebeo vimepelekwa presi ya tani 20. Kabla ya kusukuma bushi ya zamani, vitu viwili vimeandikwa: mshale ulio kwenye bushi unaelekea wapi ukilinganisha na ukingo wa kibebeo, na bushi imechomoza mm ngapi kila upande. Bushi ya majimaji haijali tu kuingia, inajali imeelekea wapi, kwa sababu vile vyumba vyake ndivyo vinavyoamua amu iwe laini kwenda mbele na nyuma na iwe ngumu kwenda pembeni. Ukiigeuza robo zamu, gari litavuta breki vibaya kuliko lilivyokuwa na bushi mbovu. Kikombe cha kusukumia ni kipande cha bomba nene alichokereza fundi wa mashine, kinachokaa juu ya ganda la nje peke yake. Kisiguse mpira.

Halafu inakuja sehemu yenye saa. Ncha ya nyuma ya amu ya E46 ina pembe sita, na bushi inaingizwa hapo kwa maji ya sabuni. Grisi ni marufuku, maana haikauki. Sabuni ikishakauka, bushi inang'ang'ania ile ncha na haizunguki tena. Kuanzia hapo kila amu inapopanda au kushuka, mpira ndio unaojipinda. Kwa hiyo bushi lazima ikaukie gari likiwa limekaa kwenye urefu wake wa kawaida. BMW wanatoa dakika 30. Ikikauka gari likiwa juu ya stendi, amu zikiwa zinaning'inia, basi gari likishushwa bushi inakuwa imeshajipinda hata kabla ya kutoka gereji, na itakaa hivyo maisha yake yote. Bushi nyingi "mbovu toka dukani" zimekufa hivyo.

Upande wa kushoto: ncha ya boljointi imesimamishwa juu ya ubao, kibebeo kimesukumwa kwa uzito wa mwili mpaka kwenye kipimo kilichochukuliwa kwenye amu ya zamani. Amu ikapanda, nati zikashikishwa, bolti mbili za kibebeo zikafungwa, gurudumu likarudi, gari likashushwa na kutikiswa mara kadhaa. Dakika 22.

Upande wa kulia umefeli. Nati ya boljointi ya ndani ilianza kuingia upande, ikabidi irudishwe na nyuzi zisafishwe. Gari liliposhushwa zilikuwa zimepita dakika 50, na siku ilikuwa ya joto. Bushi ilikuwa imeshika. Dalili yake inaonekana kwa macho: mpira kati ya kiini na ganda ulikuwa umevutika upande mmoja kama kitambaa kilichokazwa, wakati kushoto ulikuwa umekaa sawa. Kibebeo kimevutwa tena kwa pula, ncha ikaoshwa, sabuni mpya, na safari hii boljointi zote zilishafungwa kabla kibebeo hakijasukumwa. Huo ndio mpangilio ambao ungefaa tangu mwanzo: boljointi kwanza, bushi mwisho.

Nguvu za kukaza: nati ya ndani Nm 90, ya nje Nm 65, bolti za kibebeo Nm 59.

Stabilaiza haina mambo mengi. Bushi zake zinafungwa kavu, fimbo imesafishwa kwa msasa laini mahali zinapokaa. Kipenyo kimepimwa kwa kalipa kabla ya kununua, kwa sababu E46 zilitoka na fimbo za unene tofauti.

Ingizo la 4: nyuma, upande wa kulia

Spesa zimetolewa kwanza, kabla ya kugusa bushi. Mwenye kutaka gari lake likae juu aamue sasa na abaki na uamuzi huo, kwa sababu bushi ya nyuma hufungwa kwa urefu mmoja tu. Ukiifunga na spesa halafu ukazitoa mwezi ujao, umeipinda moja kwa moja. Inaelekea ndicho kilichotokea kwa hizi za zamani kwa njia ya kinyume: zilifungwa gari likiwa chini, kisha likanyanyuliwa kwa spesa.

Gari limerudishwa juu ya shimo, magurudumu yote chini, likasukumwa mbele na nyuma mita chache ili springi zikae. Kwa rula ya chuma umepigwa mstari mmoja wa msumari unaovuka kutoka kwenye kibebeo hadi kwenye amu, kisha ukapakwa rangi nyeupe. Mstari huu ndio roho ya kazi yote ya nyuma. Bolti kubwa ya katikati, inayobana kiini cha bushi kwenye kibebeo, haifikiki tena kibebeo kikishafungwa kwenye bodi. Lazima ikazwe kikiwa kimeshushwa, amu ikiwa inaning'inia, na bila mstari hakuna namna ya kujua kibebeo kiinamishwe kiasi gani. BMW wana chombo maalumu cha kuweka pembe hiyo. Mstari uliopigwa gari likiwa limesimama unatoa pembe ileile, hata kama bushi ya zamani imechanika, kwa sababu kibebeo kiko kwenye bodi na amu inashikwa na springi.

Mstari wa pili umezungushwa kwenye bodi kufuata ukingo wa kibebeo. Matundu yake ni marefu, na ndiyo yanayorekebisha tou ya nyuma. Bila alama hiyo gari litatoka gereji likitembea kama kaa.

Kisha: gari juu ya stendi, gurudumu limetoka, paipu ya breki imechomolewa kwenye klipu yake ili isivutike amu ikishuka. Kulia nyuma kuna pia waya wa kihisi cha pedi, nao umeachiwa. Jeki chini ya amu. Bolti tatu za kibebeo, halafu amu imevutwa chini taratibu na kuzuiwa kwa kipande cha mbao ya mninga. Mbao laini ilipasuka.

Kuna mafundi wanaochoma bushi kwa gesi ili itoke. Kwa sehemu iliyo mezani, sawa. Hapa hapana: tangi la mafuta liko mbele kidogo tu ya ncha ile, chini ya kiti cha nyuma, na paipu ya breki iko pembeni. Imetumika fimbo yenye nyuzi ya M14, washa nene, na vikombe viwili vya bomba. Kimoja kikubwa cha kupokea bushi, kimoja kidogo cha kusukuma. Ilianza kutoka kwa mlio mmoja mkubwa, kisha ikaja polepole.

Tundu limesafishwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Bushi mpya iliingia upande. Upande wa juu ulikuwa umezama mm 4 na wa chini haujaanza. Sababu: washa ya fimbo ilikuwa ndogo kuliko kikombe, ikawa inasukuma pembeni. Hapo usiendelee kukaza kwa matumaini kwamba itajinyoosha. Inakwaruza tundu, na tundu likishakuwa na mkwaruzo bushi itacheza. Imerudishwa nje, washa ikabadilishwa kwa sahani aliyokereza fundi, yenye hatua inayokaa ndani ya kikombe. Mara ya pili imeingia sawa mpaka ukingo. Mwelekeo wa mapengo ya mpira umefuatishwa na alama ya rangi iliyowekwa kwenye amu kabla bushi ya zamani haijatoka.

Kibebeo kimewekwa, nusu mbili za mstari wa kwanza zimekutanishwa, bolti ya katikati Nm 110. Inapofika karibu na Nm 60 kibebeo kinataka kuzunguka na spana, kwa hiyo mtu wa pili amekishika kwa mtaimbo. Mstari umehama karibu mm 1 na bolti ikalegezwa na kuanzwa upya. Kibebeo juu, bolti tatu Nm 77, kwenye alama yake.

Ingizo la 5: nyuma, kushoto, na sakafu

Kushoto imeenda haraka. Bushi ya zamani ilitoka vipande viwili, kiini kikiwa kimeachana kabisa na ganda. Ndiyo iliyoonekana kwenye video.

Wakati amu ziko chini, taa imepitishwa kwenye sehemu nne ambapo sabufremu ya nyuma inafungwa kwenye bodi. E46 inajulikana kwa kupasuka hapo. Bati linachoka kwa kuvutwa na kuachiwa, na bushi za nyuma zikiwa mbovu kuvutwa kunazidi. Lami ya kuzuia kutu imekwanguliwa, mahali pamesafishwa kwa petroli na kitambaa. Mbele kushoto rangi imeinuka kwa urefu wa mm 15 kando ya doa la kuchomelea. Chini ya rangi hakuna ufa unaoonekana, hata baada ya kupaka maji ya rangi ya kutafutia nyufa. Imepigwa picha ikiwa na rula pembeni, ikapakwa praima nyepesi ya kijivu ili ufa ukitokea uonekane kama mstari wa kutu. Usirudishe lami nene juu yake. Utakuwa umejiziba macho.

Ingizo la 6: alaimenti (km 171,460)

Gari hili hupimwa likiwa na mzigo: kilo 68 kwenye kila kiti cha mbele, kilo 68 katikati ya kiti cha nyuma, kilo 21 kwenye buti, na tangi limejaa. Fundi wa mashine huwa anacheka akisikia. Watu watatu wa uzito wa wastani wameingia ndani, na kwenye buti jerikeni la lita 20 lililojaa maji. Likiwa na uzito wake lenyewe, linakaribia kilo 21 bila kutafuta mizani.

Kabla ya marekebisho tou ya nyuma ilikuwa tofauti kwa dakika 14 za pembe kati ya kulia na kushoto, licha ya alama. Hilo lilitegemewa, maana alama zilinakili makosa ya alaimenti ya zamani iliyofanywa na bushi zilizochanika. Kemba ya nyuma (gurudumu linavyoinama ukilitazama kwa mbele) imerekebishwa kwanza kwa bolti yenye ekisentriki (duara lisilo na kitovu katikati) kwenye amu ya chini, halafu tou kwa kusogeza vibebeo, maana kemba ikihama inaihamisha tou pia. Mwisho mbele, kwa tairodi (fimbo za usukani). Matokeo: nyuma kemba -1°55' kushoto na -2°00' kulia, tou ya ndani 0°08' kila upande. Usukani umenyooka.

Ingizo la 7: km 172,350

Mtikisiko wa breki umekwisha. Video ya D na R imerudiwa. Ncha ya amu ya nyuma haionekani kusogea. Urefu wa nyuma umeshuka ukilinganisha na chaki ya ukutani, kwa kuwa zile spesa zimetolewa. Matuta makubwa sasa yanapandwa kwa mshazari.

Kibebeo cha mbele kulia, kile kilichovutwa mara mbili, kimekaguliwa kwa taa: mpira umekaa katikati, hakuna uvujaji. Bolti zote za vibebeo zimepitiwa kwa spana ya toki (inayolia nguvu ya kukaza ikifikiwa). Moja ya nyuma kushoto iliingia kidogo kabla spana haijalia, nyingine hazikusogea. Kuna mlio mdogo wa mpira mkavu kwenye stabilaiza asubuhi, unaoisha gari likishatembea. Ile praima ya kijivu haina mstari.

Kinachofuata: shokapu za nyuma na maunti zake za juu, na kupiga picha tena ile sehemu ya sakafu ikifika km 175,000.